Zaituni, njoo Ujiji na uso wako

Mwanga, Kigoma
Jumapili, baada ya alasiri

Shoga yangu Zaituni,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, watoto wazima, mama anakusalimu na magoti yake yaleyale. Natumai wewe na baba Shufaa na wanao hamjambo. Kimya changu usinihesabie. Ulipokuwa unapiga sipokei ni ule msiba wa Katonga, halafu Mwamvua akajifungua, halafu duka likataka hesabu, na unajua mambo yakishaanza kufuatana yanavyokuwa. Nilitaka kukujibu kwa sauti, ila sauti zangu wewe huzisikiliza nusu huku unakaanga vitumbua. Hii ya kuandika utakaa nayo.

Kwa hiyo Sikudhani kakuchagua wewe umsindikize harusini kwake! Dada zake wamenuna wote, nitakueleza ukija, kwa maandishi sithubutu. Unasema tangu uzaliwe hujapaka zaidi ya wanja na mafuta ya mdomo, na hutaki kufanywa kama walivyomfanya Tatu kwenye kichen pati yake. Nani anataka? Ile picha bado ninayo. Uso wa mtu aliyetoka mashineni kusaga unga, shingo imebaki ya Tatu. Shangazi yake alipita mbele yake akiuliza bi harusi yuko wapi.

Mekapu nitakufundisha, tena ni rahisi kuliko unavyoogopa. Lakini kilichonikalisha chini kuandika ni kile ulichokipitisha harakaharaka mwishoni, eti wifi yako kakuletea krimu ya kupaka usiku ili uso ulainike na mekapu ishike, ipo kwenye kikopo kisicho na karatasi, na siku chache tu umeanza kutakata. Zaituni! Krimu ya kulainisha hailainishi mtu akabadilika rangi ndani ya wiki. Hiyo ni mkorogo, hata kama wifi yako anauita jina gani. Ndani ya vikopo vya namna hiyo hukutwa zebaki, au haidrokwinoni ile kemikali ya kuondoa weusi, au zile dawa kali za ngozi ambazo daktari huandika kwa siku chache na kwa sehemu ndogo. Zebaki inaingia mwilini kupitia ngozi na inakwenda kuharibu figo. Zile dawa zinafanya ngozi iwe nyembamba, jua likiipiga inaungua. Havikukatazwa nchini kwa kuwaonea watu wanaopenda weupe. Zamani waliokuwa wakishughulikia vipodozi ni TFDA, wale wa chakula na dawa, tangu 2019 ni TBS, shirika la viwango, na bidhaa inayopita kwao haiji kwenye kikopo kisicho na jina la mtengenezaji, viambato wala tarehe.

Na wewe una mtoto wa kunyonya. Anashika uso huo mchana kutwa, kisha anaweka vidole mdomoni. Nitarudi hapo.

Sasa mekapu. Ukitaka watu waseme "Zaituni leo kapendeza" badala ya "Zaituni leo kapakwa", kazi kubwa ni moja tu, rangi ya faundesheni, ile krimu ya rangi ya ngozi inayosawazisha uso. Brashi utaazima kwangu, mkono utazoea, lakini rangi ikikosewa hakuna fundi wa kuiokoa. Na wauzaji wetu, Mungu awasamehe, ukiingia na weusi wako wanakupa ya mtu mwingine, eti hii inakung'arisha. Hukwenda kung'arishwa.

Ukiwa dukani, omba utoke nayo mlangoni. Taa za ndani nyingine ni za njano, nyingine za bluu, zote zinadanganya. Usipimie mgongo wa mkono, maana mkono wako una jua lote la Isevya huko Tabora na moto wa jiko juu yake. Pimia kwenye taya, mistari mitatu midogo kutoka chini ya shavu kushuka shingoni, rangi tatu zinazokaribiana. Kisha usiamue. Ngoja dakika kama kumi, zungumza na mtu, kwa sababu nyingine zikishakauka zinazidi giza. Ule mstari utakaoutafuta usiuone ndio wako.

Jana nilimfanyia hivyo Rehema wa Bi Chiku. Alikuja na chupa aliyouziwa kwa maneno ya "hii inamfaa kila mtu". Nikamkalisha kizingitini, nikamchora taya. Mstari ukakaa kijivu palepale, tena unaonekana ukiwa ng'ambo ya barabara. Nikamchora pembeni yake ule wa kahawia nzito wenye wekundu ndani. Kwanza naye akaushangaa, akasema, "Mama Nasra, unanitia weusi." Tukaingia kwenye habari za Mwamvua na jina la mtoto. Nilipogeuka kumwangalia, ule wa kijivu upo, huu wa pili sikuupata mpaka nilipopapasa kwa kidole. Akajitazama kwenye kioo cha simu, akanyamaza, halafu akataka kurudisha ile chupa aliyonunua. Wamekataa, bila shaka.

Sababu ya kijivu ni hii. Faundesheni nyingi zinatiwa rangi kwa vitu vilevile: unga mweupe wa titani na unga wa chuma wa aina tatu, mwekundu, wa njano na mweusi. Ngozi zetu zinataka wekundu na unjano wa kutosha. Mtengenezaji akichukua rangi ya mtu mweupe akaiongezea nyeusi tu, anatoka na kijivu, na hakuna kiasi cha kusugua kitakachokiondoa. Miaka mingi walituuzia hivyo. Fenty Beauty, kampuni ya vipodozi ya yule mwimbaji Rihanna, ilipoanza 2017 na rangi 40 kwa mpigo, ndipo na wengine wakaona aibu kuwa na mbili za weusi na ishirini za wengine. Sikutumi ukanunue hiyo. Na ukiona jina kubwa hivyo limetandazwa chini sokoni kwa bei ya soda, pita tu. Nataka ujue kwamba kosa halikuwa kwenye ngozi yako.

Wewe una unjano chini ya weusi, Rehema ana wekundu. Ukikosa inayolingana kabisa, nunua mbili ndogo za kampuni moja na aina moja, moja iliyozidi na moja iliyopungua, uchanganye mkononi. Za aina tofauti nyingine hazipatani, zinajikunja usoni na kutoka vipandevipande.

Siku yenyewe: tawadha, swali alasiri, ndipo ukae kupaka. Usifanye kinyume chake ukaja kunililia kwamba maji ya udhu yamekuharibia, na isitoshe kuna aina zinazozuia maji yasifike kwenye ngozi. Magharibi itakukuta umeshapakwa. Mimi huwa ninatoa yote, ninaswali, narudi na wanja na lipstiki tu, na hakuna aliyewahi kuuliza. Utaamua mwenyewe.

Osha uso kwa sabuni laini, paka losheni yako ya kawaida, na mafuta ya kukinga jua juu yake kama mnatoka mchana. Halafu uache uso unywe. Hapa ndipo wanaoanza wanapokosa subira, wanapaka juu ya mafuta mabichi na kila kitu kinateleza. Nenda kapige pasi nguo, urudi.

Chukua faundesheni kidogo, tone la ukubwa wa punje ya kunde, uitie mgongoni mwa mkono. Lowesha sponji, ikamue mpaka isidondoshe, uchovye kidogo, uanze katikati ya uso: pembeni mwa pua, kidevuni, katikati ya paji. Unagonga, husugui. Tap, tap, tap, unaelekea nje, na kadiri unavyokaribia masikio na nywele ndivyo sponji inavyokuwa haina kitu. Watu wengi hupaka uso mzima unene mmoja. Ngozi yako ya mashavuni ni nzuri, iache ionekane. Palipo na madoa ya chunusi ndipo uongeze nukta, ugonge tena. Malizia chini ya taya mpaka uone shingo na uso havigombani. Masikio usiyasahau kama mtandio utayaacha wazi, na mtandio uvae mwishoni kabisa, poda ikishakaa, la sivyo ukingo wote utabaki na rangi.

Konsila, ile ya kufunika weusi, chini ya macho, rangi ya ngozi yako au iliyopungua kidogo sana. Ile miduara myeupe ya mitandaoni iache mitandaoni. Poda bonyeza puani, kwenye paji na kidevuni tu, ambako jasho hutokea. Halafu jipige picha ya simu kwa flashi kabla ya kutoka, usidharau hili. Poda nyingine ukijitazama kwenye kioo huzioni, ila flashi ikipiga zinarudisha mwanga na unatoka na vipande vyeupe. Nina uhakika yaliyomkuta Tatu nusu yake ni hayo.

Nyusi, vinyweleo vifupivifupi kwa penseli ya kahawia nzito. Si mkaa. Mashavuni usinunue kitu, chovya kidole kwenye lipstiki ya zambarau au ya udongo mwekundu, gusa, sambaza mpaka uanze kujiuliza kama umepaka. Ile waridi iliyofifia haitaonekana kwako au itakutoa chokaa. Wanja unaujua kunishinda, ila njoo na wako. Mimi simpi mtu wanja wangu wala maskara, hata wewe, macho mekundu yanaambukizwa. Na maskara ukinunua, ikishafunguliwa haivuki miezi sita. Kuna kialama cha kikopo kilichofunguliwa nyuma ya vipodozi, ndani yake 6M au 12M, hiyo ndiyo miezi ya kutumia.

Ukumbini utatoka jasho, hasa ngoma ikianza, na joto la Ujiji usiku hulijui tena umeshakuwa Mnyamwezi. Gandamiza tishu, usiongeze poda juu ya jasho. Usiku, hata kama umechoka vipi, toa vyote: mafuta ya nazi, futa, kisha sabuni.

Jaribu mara kadhaa huko nyumbani kabla ya kuja. Jaribio la kwanza lisiwe siku ya watu. Na usijaribu chochote ndani ya treni.

Sasa kile kikopo. Ninajua utasema wifi yako anakitumia na hajafa. Mtazame vifundo vya vidole na visigino, halafu utazame uso wake, uniambie ni mtu mmoja. Najua pia kukataa zawadi ya wifi si jambo dogo, hasa huyo, hasa baada ya ile habari ya kiwanja. Mwambie imekuwasha. Mwambie mtoto katoka vipele, mwambie mume wako hapendi harufu, kuna mambo mengi ya kumwambia. Lakini usipake tena, wala usinyonyeshe ukiwa umeipaka. Ukiona uso unawaka, unavimba au unachubuka, nenda hospitali ya Kitete uonane na daktari, na ukichukue kikopo chenyewe uwaonyeshe. Usiponye kwa kupaka kingine juu yake.

Halafu kuna jambo la pili. Faundesheni ukiipima leo juu ya ngozi iliyochubuliwa, mwezi ujao rangi yako ikirudi haitakufaa, utakuwa umetupa hela. Ningeanza na hela labda ungenisikia mapema. Na Sikudhani anataka picha na wewe, yule Zaituni wa kuvuka naye Bangwe kuogelea tukiwa hatujaaga nyumbani. Akitaka mtu mwingine wapo wengi hapa.

Ngoja, Nasra ananililia madaftari.

Nimerudi. Niambie: unafika siku gani, na ni treni au basi? Nguo yenu ni rangi gani, ile ya kitenge cha Kongo aliyokuwa akiisema Bi Chiku au mmebadilisha? Mtandio au kilemba? Ngozi yako mchana inatoa mafuta siku hizi au bado kavu kama zamani, ili nijue poda gani nikuwekee? Wifi yako krimu hiyo anaitoa wapi, anaiuza na kwa wengine? Umepaka kwa muda gani hasa, na usinipunguzie? Mtoto hajambo, hana vipele? Baba Shufaa kasemaje?

Jibu hayo ya krimu kwanza, mengine hata ukifika tutaongea.

Mimi wako,
Mama Nasra

Asali usisahau. Lita moja tu, na uinunue mwenyewe kwa mtu unayemjua, usimtume wifi yako.