Kijiti cha mkojo hakipimi damu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nizungumzie hii "lishe ya alkali", yaani kula mboga na matunda kwa wingi na kuepuka nyama, inayosifiwa kwamba inaondoa asidi mwilini na kuzuia saratani. Mimi ni mtu wa maabara. Siku hizi watu wanakuja na vijiti vyao vya kupimia mkojo, wananionyesha kwa fahari vilivyotoka rangi ya chungwa vikawa kijani, wengine hadi bluu, yaani mkojo umetoka kwenye asidi ukaingia kwenye alkali. "Damu yangu sasa imekaa sawa," wananiambia.

Damu haijaguswa. Kwa mtu mwenye afya, pH ya damu (kipimo cha asidi na alkali; namba ikishuka, asidi imezidi) hukaa kati ya 7.35 na 7.45, ale nyama ale mboga. Mapafu yanatoa kabonidioksidi, figo zinatupa asidi iliyozidi na kubakiza bikaboneti, inayotuliza asidi, kwa kadiri inavyohitajika. Kinachopanda na kushuka ni mkojo, kuanzia kama 4.5 hadi 8, maana ziada yote humwagwa huko. Kijiti kikiwa kijani basi kimekuambia figo zinafanya kazi yake.

Kuhusu saratani, mwaka 2016 jarida la BMJ Open lilichapisha mapitio ya tafiti juu ya lishe hii na maji ya alkali: ushahidi wenyewe karibu haupo. Mwaka huohuo Robert O. Young, Mmarekani aliyeivumisha sana, alitiwa hatiani huko California kwa kutibu watu bila leseni. Mwaka 2018 akaamriwa kumlipa mgonjwa wa saratani ya matiti zaidi ya dola milioni 100. Mama huyo alimshtaki kwa kumshauri aache tiba ya hospitali.

Kula mboga na matunda kwa wingi sina ugomvi nako, na wanaosema wanajisikia vizuri nawaamini, kwani wamepunguza chumvi na vyakula vya viwandani. Tena wapo wagonjwa wa vijiwe vya figo vinavyotokana na asidi ya yuriki ambao daktari huwapa dawa makusudi ili mkojo uwe na alkali.

Hofu yangu ni kwa mwenye figo zilizochoka. Huyo akijaza sahani matunda na mboga bila ushauri, potasiamu, madini yaliyomo kwenye vyakula hivyo, inaweza kumpanda hadi ikavuruga mapigo ya moyo, na dalili huenda asizione mapema. Wapo pia wanaokoroga vijiko vya bikaboneti ya soda kila siku. Ile ni sodiamu, si rafiki wa mwenye presha, na ikizidi damu yenyewe huwa na alkali kupita kiasi: misuli inakakamaa, mtu anachanganyikiwa.

Kwa hiyo anayeniletea kijiti humuuliza kama amewahi kupimwa kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo. Wengi hawajawahi, ingawa pH ya mkojo wa asubuhi na wa jioni wanaitaja kwa kichwa.

Msomaji wako,
Mtaalamu wa maabara