Harusi ya Wapunjabi: mmewasahau kina mjomba

Mhariri, salamu kwako na kwa wenzako wote hapo gazetini. Naandika kuhusu makala yenu ya harusi za Kihindi, ile yenye picha kubwa ya bwana harusi juu ya farasi, maana nimeisoma yote na kwa kweli imeniuma. Mmeeleza nguo, dhahabu, dansi, gharama za ukumbi, halafu mwishoni mkaandika kwamba maharusi wakizunguka moto mara saba ndo ndoa imefungwa. Sasa yule kwenye picha, kwa kile kilemba na ule upanga alioshika, ni Mpunjabi wa dini ya Singasinga, na Masingasinga hawazunguki moto jamani.

Mimi nimesoma chuo Jalandhar, huko huko Punjab ya India, na wenzangu darasani wakiwa na harusi kwao kijijini walikuwa hawaniachi, kwa hiyo haya nayasema kwa kuyaona. Ndoa yao inaitwa Anand Karaj, inafungwa gurdwara, yaani nyumba yao ya ibada, mara nyingi asubuhi, mbele ya Guru Granth Sahib ambacho ndo kitabu chao kitakatifu. Watu wote wanakaa chini, vichwa vimefunikwa, viatu vimeachwa nje. Baba wa bibi harusi anachukua ncha ya shali ya bwana harusi, wanaiita palla, anaiweka mkononi mwa binti yake, na mzee ambaye toka alfajiri alikuwa anagombana na wapishi hapo unamwona midomo inamtetemeka. Halafu yanakuja mashairi manne ya Guru Ram Das, kiongozi wa nne wa dini yao, aliyefariki 1581, yanaitwa laavan, kila moja linasomwa kwanza kisha linaimbwa huku maharusi wanakizunguka kitabu taratibu, mume mbele mke nyuma na ile shali mkononi, mizunguko minne basi. Inafuata dua, watu wanagawiwa karah parshad, ile halwa ya unga wa ngano na samli, wanaenda kula langar, chakula cha pamoja cha hapo gurdwara, na ndoa imekwisha. Sheria yenyewe inaitambua toka enzi za Mwingereza, Anand Marriage Act ya 1909, ikarekebishwa 2012 ili wenyewe waweze kuisajili ndoa yao kwa sheria yao.

Hilo la moto ni kosa la kurekebisha kwa mstari mmoja. Kilichonisumbua zaidi ni kwamba makala nzima haina ndugu ndani yake, na harusi ya Kipunjabi ukiitolea ndugu haibaki kitu. Kule kila mtu wa ukoo ana kazi yake inayojulikana, na asipokuwepo inaonekana kabisa kwamba mtu fulani hayupo. Hata huyo farasi mliyempiga picha, kabla bwana harusi hajaondoka nyumbani dada zake wanamlisha huyo farasi dengu na kumshikia hatamu, hawamwachii kaka yao mpaka awape zawadi, na mke wa kaka yake ndo anayempaka wanja machoni, naye anadai chake. Kuna na mtoto mdogo wa kiume wa ukoo anapandishwa naye juu ya farasi, amevalishwa kama bwana harusi mwenzie.

Lakini wakubwa wa shughuli ni upande wa mama, wanaoitwa nanke. Hao wakifika kijijini wanafika wanaimba, na wanawake wa upande wa baba wanawapokea kwa nyimbo za kuwachokoza, huyu anamwambia mwenzie mmekuja mikono mitupu, yule anajibu nyie chai yenu ya maji matupu, na hakuna anayenuna. Wajomba ndo wanaoleta nguo na zawadi za bibi harusi, na ndo wenye choora, zile bangili nyekundu na nyeupe. Zamani zilikuwa za pembe za ndovu, siku hizi ni plastiki. Zinalowekwa kwenye bakuli la maziwa yaliyochanganywa na maji, ndugu wanazigusa kumtakia heri, mjomba anamvisha moja moja mpaka mikono inajaa karibu na kiwiko, na muda wote huo binti kazibwa macho kwa kiganja asizione, akishavishwa zinafunikwa na kitambaa mpaka muda wake ufike. Mimi nimemwona mjomba mmoja, mkulima wa ngano, mikono yake migumu, anahangaika kupitisha bangili kwenye vidole vya mpwa wake bila kumuumiza, chumba kizima kimenyamaza. Bwana mhariri hiyo ndo picha ya kuweka ukurasa wa mbele.

Bibi mzaa mama naye ana yake. Kuna shali ya phulkari inaitwa chope, inafumwa na yeye kwa ajili ya mjukuu, uzi wa hariri juu ya kitambaa chekundu cha pamba, na mshono wake unafanana mbele na nyuma. Kazi ya miezi na miezi hiyo, mtoto anaweza kuwa bado anatambaa na bibi keshaanza kushona ya harusi.

Usiku wa kuamkia harusi kuna jaggo. Mmoja wa wanawake wa nanke anabebeshwa kichwani mtungi wa shaba uliozungushiwa taa zinazowaka, wengine wanagonga fimbo zenye njuga chini, wanapita nyumba kwa nyumba wanaimba na kucheza giddha, ngoma ya wanawake ya kupiga makofi, kuamsha kijiji kizima, na majirani wanatoka kuongezea mafuta kwenye taa. Siku hizi wengine wanaweka vibalbu vya betri, sawa tu, mradi wanatembea. Na asubuhi msafara wa bwana harusi ukifika wanafanya milni, dua inasomwa halafu wanaitwa kwa zamu, baba anakumbatiana na baba, mjomba na mjomba, wanavishana mashada na kujaribu kunyanyuana juu, yaani koo mbili zinakutana mtu kwa mtu wa cheo chake, hakuna anayejificha nyuma ya kadi ya mwaliko.

Na si Masingasinga peke yao. Punjab iligawanywa 1947, sehemu ikawa India sehemu Pakistan, ila ukienda Lahore, upande wa Pakistan, kwa Waislamu unakuta nikaha na walima kama Uislamu unavyotaka, na pembeni hina, manjano, ngoma ya dhol, dada za bibi harusi wanaiba viatu vya shemeji yao au wanamnywesha maziwa halafu wanamdai hela. Wahindu wa Punjab ndo hao wa moto, na choora wanavaa vilevile.

Sasa makala yenu imesifu makampuni ya kuandaa harusi yanayofanya kila kitu, na hapo ndo tunatofautiana kabisa. Anakodiwa mtu wa kupaka hina, wanakodiwa wachezaji wa kucheza giddha jukwaani, nanke wanakaa kwenye viti wanarekodi na simu. Gharama inapanda, familia ya binti inakopa, na ile mali anayodaiwa baba wa binti, ambayo India imeipiga marufuku toka 1961, inapita humo humo kwa jina la zawadi. Serikali ya Punjab ya Pakistan ilitunga sheria 2016, chakula cha harusi kiwe cha aina moja na shughuli ifungwe saa nne usiku. Akal Takht ya Amritsar, mamlaka kuu ya dini ya Masingasinga, nayo mwaka 2023 ikakataza Anand Karaj kufungwa ufukweni na kwenye mahoteli ya kitalii. Wapo wanaolalamika kwamba wanaingiliwa, mimi naona wamefanya vizuri.

Ombi langu, mkiandika tena tafuteni bibi wa Kipunjabi anayejua suhag, nyimbo za upande wa bibi harusi, na ghorian za upande wa bwana harusi, kaeni naye jikoni muulize nani anafanya nini na asipokuwepo nani anashika nafasi yake. Wanaozijua nyimbo hizo mpaka ubeti wa mwisho wengi wao ni watu wazima sana sasa, kwa hiyo msikae mpaka msimu mwingine wa harusi.

Msomaji wenu wa siku nyingi