Barua kwa somo yangu kuhusu picha na kanda za marehemu mzee

Mombasa

Somo yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa mama na kwa wote walio hapo nyumbani. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Barua yako niliipata, nikaisoma mara mbili, na swali lako nimelifikiria siku kadhaa kabla ya kushika kalamu, kwa sababu picha na sauti za marehemu mzee si vitu vya kupangwa kwa pupa. Unasema kwamba nyaraka zote zimekwisha kuskaniwa, kanda zimegeuzwa kuwa faili za sauti, na sasa dada yako anataka zigawanywe katika folda kwa kufuata mada, ilhali wewe waona heri zikae pamoja na kila moja ibandikwe lebo. Kwa maoni yangu folda na lebo zote mnazihitaji, ila kila moja ina kazi yake, na vurugu huanza pale folda inapobebeshwa kazi ya lebo.

Chukua ile picha ya mzee akiwa barazani Lamu siku ya harusi ya shangazi yako, ile yenye maandishi ya penseli nyuma kwa hati ya Kiarabu. Dada yako ataiweka folda gani: ya Harusi, ya Lamu, ya Baba au ya Shangazi? Kitu kikiwa katika droo hii hakimo katika ile, na ukiinakili picha ili ionekane kote, baada ya mwaka utakuwa na nakala nne usijue ni ipi uliyoirekebisha. Lebo haina dhiki hiyo, maana picha moja huweza kubeba zote nne bila kuhama ilipo.

Kwa hiyo folda ziachie swali moja ambalo jibu lake halibadiliki: kitu hiki kilitoka wapi? Iwepo folda ya sanduku la chumbani, ya bahasha ya shangazi, ya kanda za kabatini, na ya simu ya mzee. Watunza nyaraka wa Ufaransa waliagizwa hivyo tangu mwaka 1841, kwamba karatasi zilizotoka kwa mtu mmoja au ofisi moja zikae pamoja wala zisichanganywe na za wengine. Barua isiyo na tarehe iliyokutwa katikati ya stakabadhi za 1974 imekwisha kukudokezea umri wake. Ukiihamishia folda iitwayo Barua, ushahidi huo umeutupa.

Katika lebo nakuomba uwe mkali zaidi, kwa kuwa lugha yetu ina mtego wake. Leo utaandika "wimbo", kesho dada yako ataandika "nyimbo", na kompyuta haijui kwamba hayo ni neno moja. Atakayetafuta la kwanza hataliona la pili, na katika orodha moja litakuwa chini kwenye W na jingine kwenye N. Ndivyo ilivyo kwa utenzi na tenzi, chuo na vyuo. Kubalianeni kwamba kila lebo itakuwa katika umoja, na miji iwe na jina moja, ama Lamu ama Amu. Kisha yaandikeni maneno mliyoyachagua kwenye daftari, na asiongeze mtu neno jipya kabla ya kulitazama daftari hilo.

Majina ya udugu ndiyo yanayoniogopesha kuliko yote. Lebo ya "babu" kwako ni baba kwa shangazi yako, na kwa wajukuu wako itakuwa mtu mwingine kabisa. Andika jina kamili pamoja na la baba yake, hata kama kila aliye hai leo anamjua.

Miaka michache iliyopita nilibandika lebo picha zaidi ya mia tatu za kwetu. Nilipozinakili kwenye flashi ili nimpelekee kaka, picha zilifika lakini lebo hazikufika, kwa sababu programu niliyoitumia ilizihifadhi kwake, si ndani ya picha zenyewe. Niliumia sana. Tangu hapo mambo ya lazima nayatia katika jina la faili, mwaka ukitangulia: 1978-08-12_harusi_lamu_03. Mwaka ukiwa mbele, faili hujipanga zenyewe kwa wakati, na ile sufuri ya 03 mwishoni huzuia namba 10 kukaa kabla ya 2. Picha za WhatsApp zenye majina kama IMG-20190412-WA0003 zitazame kwa uangalifu, maana tarehe ile si lazima iwe ya siku picha ilipopigwa. Nakala ya pili ya vyote iwekwe nyumba nyingine.

Sasa zile kanda. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, tunayafahamu kwa kiasi kikubwa kwa sababu Mwalimu Sikujua wa hapa Mombasa alimsaidia mmisionari William Taylor kuyakusanya na kuyafafanua wakati wangalipo waliokumbuka visa vyake. Nyumbani kwenu anayekumbuka ni mama. Hakuna programu itakayokuambia ni nani anayecheka dakika ya nne ya kanda ile, wala ni msiba wa nani uliotungiwa shairi analolisoma mzee. Keti naye baada ya alasiri, mpigie kanda moja kwa siku, nusu saa ikitosha, uandike dakika na jina. Kazi ya folda yaweza kusubiri mwaka mzima, hii usiicheleweshe.

Nitafika Jumamosi ijayo, inshallah. Hadi hapo dada yako asifute chochote, hata zile picha zilizofifia, na ile ya barazani uniwekee pembeni nikamsomee mama maandishi ya nyuma.

Akupendaye,
Somo yako