Kongo haikuanzia 1960

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe ya moyoni kuhusu jirani yetu wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Makala mliyochapisha hivi karibuni kuhusu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilianza habari mwaka 1960, siku Wabelgiji waliposhusha bendera yao, kisha ikaingia moja kwa moja kwenye mapinduzi, waasi na vita. Kijana akiisoma atadhani Wakongo walikabidhiwa nchi iliyonyooka, wakaivuruga kwa mikono yao. Mimi nimeendesha malori ya transit kati ya bandari ya Dar es Salaam na Lubumbashi hadi nilipostaafu. Kongo mliyoielezea siyo niliyoifahamu.

Angalieni ramani tu. Kongo ni ya pili kwa ukubwa Afrika baada ya Algeria, kilomita za mraba zaidi ya milioni 2.3. Tanzania inaingia humo mara mbili na kitu. Imepakana na nchi tisa. Lakini pwani yake haifiki hata kilomita 50, kule Muanda na Banana, mto Kongo unapoingia baharini. Sehemu kubwa ya bonde la mto iko ndani, halafu kuna kijilango chembamba cha kutolea mali. Wenyeji hawakuulizwa kuhusu umbo hilo. Ni matakwa ya mtu mmoja, Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, nchi ambayo Kongo inaizidi ukubwa zaidi ya mara 70.

Kuanzia 1879 Leopold alimtumia Henry Morton Stanley kupanda mto ule, kujenga vituo na kuwawekea machifu karatasi watie alama, karatasi zilizoandikwa kwa lugha wasizozijua. Mataifa makubwa yakakutana Berlin kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885, hakuna Mwafrika hata mmoja mezani, na mwaka huo huo wa 1885 Leopold akatangaza Dola Huru ya Kongo. Ubelgiji yenyewe haikuwa mwenye mali. Mwenye mali alikuwa yeye binafsi, kama mtu mwenye shamba na hati yake mfukoni. Alilimiliki miaka 23 na hakuwahi kulikanyaga hata siku moja.

Nataka wasomaji wenu wajue shamba hilo liliendeshwaje. Matairi ya kujazwa upepo yalipoanza kutumika baada ya 1888, dunia nzima ilitaka mpira, na misitu ya Kongo ilijaa mitambaazi ya mpira wa porini. Kila kijiji kikapangiwa kiasi cha kuleta. Wanaume walipokwenda msituni kugema, wake zao walishikwa mateka mpaka mzigo utimie. Jeshi la Leopold, Force Publique, lilidai askari waoneshe kuwa risasi hazikupotea bure, na ushahidi uliotakiwa ulikuwa mkono wa kulia wa aliyeuawa. Wengine walikatwa mikono wangali hai. Mwaka 1904 mmisionari Alice Seeley Harris alimpiga picha baba mmoja aitwaye Nsala, amekaa barazani kule Baringa, mbele yake vimelala kiganja na unyayo wa bintiye Boali, mtoto wa miaka mitano. Ninayo picha hiyo, imechapishwa kwenye kitabu nilichonunua. Nsala hamwangalii mpiga picha, anaviangalia vile viungo tu. Watu walipungua kwa mamilioni kwa kuuawa, kwa njaa na kwa maradhi. Kelele zilipozidi Ulaya, Leopold akalazimika kuiachia nchi kwa serikali ya Ubelgiji mwaka 1908, baada ya kuchoma moto kumbukumbu za ofisi yake.

Sasa nije kwenye linaloniuma zaidi, kwa sababu linatuhusu sisi moja kwa moja. Mimi ni Msumbwa wa Bukombe. Safari moja tulipaki malori Likasi, kule Kongo, nikakaa kwa mzee aliyekuwa akiuza chai. Aliponisikia nikitaja kwetu alisimama akanipa mkono kwa mikono miwili. "Karibu nyumbani, ndugu yangu. Mfalme wetu alitoka kwenu." Nami nilikuwa nimepita barabara ile muda wote bila kusikia habari hizo darasani wala gazetini.

Mfalme aliyemsema ni Msiri. Alitoka Usumbwa, akafuata njia za biashara za baba yake mpaka nchi ya shaba, akasimamisha dola yake ya Wayeke, makao yake makuu Bunkeya. Aliuza shaba, pembe za ndovu, na watu pia, hilo nisilifiche, maana waliouzwa nao walikuwa na ndugu. Leopold alipoitaka Katanga, yaani nchi hiyo ya shaba, alituma msafara wa Kapteni William Stairs, ambao ulitokea pwani yetu, ukapita Tabora, ukavuka ziwa kutokea Karema. Wapagazi na askari wake wengi walikuwa watu wa Unguja na mwambao. Msiri alikataa kuipokea bendera ya Leopold. Tarehe 20 Desemba 1891 alipigwa risasi na Kapteni Omer Bodson, naye Bodson akapigwa risasi na mtu wa Msiri, akafa kwa jeraha hilo. Kichwa cha mfalme kilikatwa kikatundikwa mtini. Wayeke wanaikumbuka siku hiyo kila mwaka hadi leo pale Bunkeya.

Na hata Hamed bin Muhammed, huyu Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, ambaye nyumba yake watalii hupelekwa kuiona Mji Mkongwe, mwaka 1887 alikubali kuwa gavana wa Leopold huko Stanley Falls, Kisangani ya sasa. Kiswahili kinachosemwa leo mashariki ya Kongo, na ambacho ni mojawapo ya lugha nne za taifa kule, kilisafiri na misafara ya watu kama yeye, pamoja na minyororo. Hayo yote ni sehemu ya mwanzo wa Kongo, na sisi tumo ndani.

Shaba ndiyo iliyofuata baada ya mpira. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, reli kutoka kusini ikafika 1910, na mji wa Elisabethville, yaani Lubumbashi, ukaota kandokando ya tanuri. Ukiingia mjini hadi leo unaliona bomba refu la moshi na kando yake mlima mweusi wa mabaki ya shaba iliyoyeyushwa. Machimbo ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, ndiyo yaliyotoa sehemu kubwa ya urani iliyotumika kwenye bomu la Hiroshima.

Reli zao nazo zinaonesha nchi ilijengewa nini. Ya Matadi iliyomalizika 1898 inashuka kutoka Kinshasa kwenda kwenye meli. Ya Katanga ilikwenda kusini, na tawi lake jingine likafika Ilebo mwaka 1928, hapo mzigo unashushwa na kupakiwa kwenye boti za mtoni. Hakuna reli inayotoka Lubumbashi moja kwa moja hadi Kinshasa. Ni rahisi zaidi kutoa shaba Kolwezi kuileta Dar es Salaam, kupitia mpaka wa Kasumbalesa, Zambia yote na Tunduma, kuliko kuipeleka mji mkuu wa nchi yake. Sisi madereva tulipanda na salfa kwenye magunia ya kwenda kutengeneza asidi ya migodini, tukashuka na shaba. Yapo mabamba ya rangi ya chungwa yaliyofungwa mafungu kwa mikanda ya chuma. Mafungu machache tu na mizani inasoma tani 30, kiasi kwamba kwa mbali trela inaonekana tupu. Unakaa foleni Kasumbalesa siku kadhaa na utajiri huo mgongoni, na watoto wanaokuja kuuza maji kando ya lori hawana viatu.

Hiyo 1960 mliyoanzia nayo inahitaji maelezo. Chuo kikuu cha kwanza, Lovanium, kilifunguliwa 1954 tu. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, wenye shahada walikuwa wachache mno katika nchi ya mamilioni, na jeshi halikuwa na ofisa Mkongo hata mmoja. Siku chache baadaye askari wakaasi, na tarehe 11 Julai Moïse Tshombe akaitangaza Katanga kuwa nchi yake, akisaidiwa na Wabelgiji na Union Minière. Bendera yake ilibeba misalaba mitatu ya shaba, ile iliyokuwa fedha ya wenyeji kabla ya wakoloni. Waziri wake wa mambo ya ndani, Godefroid Munongo, alikuwa mjukuu wa Msiri. Januari 1961 Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliuawa karibu na Elisabethville. Jino lake, ambalo polisi wa Kibelgiji alijichukulia, lilirudishwa kwa familia yake mwaka 2022.

Mwaka huo huo Kongo ilijiunga rasmi na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ni wenzetu sasa hata kwa mkataba, na gazeti linalosomwa Kigoma, Tabora na Mbeya linapaswa kuwaandika kama watu wenye mababu na historia. Viongozi wao waliokula mali ya umma baada ya uhuru wasemwe, tena kwa majina. Rais Mobutu alikuwa na miaka 32 madarakani ya kufanya vinginevyo. Ila msomaji aelezwe pia kwamba utaratibu wa kuchota na kusafirisha Mobutu aliukuta umeshakamilika.

Ombi langu ni makala za mfululizo, zenye ramani na majina ya zamani ya miji, ili mtu ajue Kalemie iliitwa Albertville na Likasi iliitwa Jadotville. Kama nafasi ni finyu, anzeni na Bunkeya. Wasomaji wenu wa Bukombe, Kahama na Tabora wana ndugu kule, na wengi hawajaambiwa.

Dereva mstaafu,
Tunduma