Barua ya wazi kwa Mganga Mfawidhi: namba yangu ya simu mnayo

Ndugu Mganga Mfawidhi,

YAH: SAMPULI ILIYOGANDA NA SIMU AMBAYO HAIKUPIGWA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Kwanza nikupongeze kwa Wiki ya Huduma kwa Wateja mliyoiadhimisha mwanzoni mwa Oktoba. Fulana zilipendeza, keki ilikuwa kubwa, na hotuba yako niliisikiliza yote nikiwa nimesimama dirisha la malipo, maana siku ile mfumo ulikuwa chini na hatukuwa na pa kwenda. Uliahidi kwamba mgonjwa hatatoka tena hospitalini kwako bila kujua nini kinaendelea kuhusu matibabu yake. Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga.

Hospitali siitaji jina. Wanaotibiwa hapo wataijua, na wanaotibiwa kwingine watadhani nasema ya kwao, jambo ambalo nalo lingefaa kukufikirisha.

Mimi ni mkazi wa Kimara, keshia katika duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, mama wa watoto wawili. Kwenye zahanati ya mtaani kwetu nilipimwa wingi wa damu ikaonekana 8, wakati mwanamke asiye na mimba anatakiwa awe na 12 kwenda juu. Hedhi yangu imekuwa ya kutisha kwa muda mrefu, wakahisi kuna uvimbe kwenye kizazi, wakanipa rufaa kuja kwako nikafanye FBP (kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu), sukari ya asubuhi kabla ya kula, na ultrasaundi. Mtu mwenye akili zake angedhani ni shughuli ya asubuhi moja.

Sasa sikia asubuhi moja ya mtu kama mimi inapatikanaje. Vuli ndiyo imeanza kumwaga, na sisi wa Kimara mvua ikinyesha usiku kucha tunaamka tukiulizana kwanza kama Jangwani panapitika. Baba watoto ni dereva wa lori, wiki hiyo alikuwa Tunduma kwenye foleni ya mpakani. Kijana wangu yuko darasa la nne, na wiki hiyo hiyo ndiyo ya mtihani wa upimaji wa taifa, kwa hiyo alitakiwa awe shuleni mapema, ameshiba, kalamu mbili mfukoni. Mdogo wake ana mafua na hataki kuachwa kwa jirani. Dukani ni mwisho wa mwezi, tunahesabu mali mpaka misumari. Yote hayo niliyapanga. Nilimwomba bosi, nikamwomba jirani, nikapika usiku, nikalala na njaa kwa ajili ya kipimo chenu cha sukari.

Jumatatu nilifika mapema. Nikalipia, na namba ya malipo iliingia kwenye simu yangu kabla hata sijatoka dirishani. Naomba hilo ulikumbuke, nitalirudia. Damu ikachukuliwa. Kisha nikaambiwa ninywe maji lita moja na nizuie mkojo, kwa sababu kibofu kikijaa ndipo kizazi kinaonekana vizuri kwenye ultrasaundi. Nikanywa. Tulikuwa benchi zima la wanawake, kila mmoja na chupa yake tupu miguuni, hakuna anayeongea. Ukikojoa unaanza upya, hilo tulishaonywa. Dada mmoja pembeni yangu alikuwa ameng'ata kona ya kitenge, machozi yanamtoka, na mimi nilikuwa nahesabu vigae vya sakafu nisiwaze kitu kingine. Saa zikapita, muuguzi akaja kutuambia twende tukajisaidie tu, daktari wa ultrasaundi yuko kwenye kikao na leo hatarudi. Tukakimbilia choo. Kilikuwa na kufuli, ufunguo anao mtu wa usafi, na mtu wa usafi naye sijui alikuwa kwenye kikao kipi.

Lakini Mganga Mfawidhi, hilo sikuandikii barua. Hilo tumeshalizoea.

Nakuandikia kwa sababu ya Alhamisi. Nilirudi kuchukua majibu, bosi akiwa ameniambia wazi kwamba siku nikikosa kazi bila karatasi anaikata. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inanipa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili. Sheria nzuri sana. Ila inataka cheti cha daktari, na daktari wako anasema haandiki ED, ile karatasi ya kumruhusu mgonjwa asiende kazini, mpaka aone majibu. Majibu nayo hayakuwepo. Sukari ilionekana, namshukuru Mungu iko sawa. Ultrasaundi hatimaye nilifanyiwa siku hiyo, na uvimbe kweli upo. Daktari akasema hawezi kuamua dawa, kuongezewa damu wala upasuaji bila FBP. Na FBP haipo kwenye mfumo.

Mapokezi wakanituma maabara. Maabara wakanirudisha mapokezi. Mapokezi wakaniuliza kama nina uhakika damu nilitolewa, nikawaonyesha plasta. Mwisho kijana mmoja wa maabara, ambaye sitamtaja asije akaharibikiwa, alinihurumia akafungua daftari la sampuli zilizokataliwa. Jina langu lilikuwepo, kwa kalamu nyekundu: Jumatatu, FBP, imeganda.

Akanifafanulia bila haraka. Kile kichupa cha kifuniko cha zambarau kina dawa ya kuzuia damu isigande, na mtu akishatoa damu anatakiwa akigeuzegeuze taratibu mara kadhaa ichanganyike. Asipofanya hivyo, au damu ikitoka kwa kusuasua, inaganda humo ndani na mashine haiwezi kuhesabu chembe. Sampuli kama hiyo haifai, inatupwa. Sawa, nimeelewa, binadamu wanakosea na siku ile muuguzi alikuwa na watu mpaka mlangoni.

Ila mlijua Jumatatu! Siku ile ile! Mimi nazuia mkojo kwenye benchi lenu, hatua chache kutoka maabara, na mtu ameshaandika kwa kalamu nyekundu kwamba damu yangu haifai. Mngeniita mkono ungechomwa tena palepale. Badala yake nikaondoka nikijua mambo yanakwenda, nikaja Alhamisi, nikakatwa siku, na mtoto akarudi kutoka kwenye mtihani akakuta mlango umefungwa.

Na daftari lenyewe lina safu ya mwisho imeandikwa "aliyearifiwa". Nililitazama vizuri kwa sababu kijana alilisahau wazi mbele yangu. Ukurasa mzima, juu mpaka chini, safu ile ni nyeupe. Kwa hiyo kuna mtu alishakaa akafikiri kwamba mgonjwa anapaswa kuambiwa, akapiga na mstari kwa rula. Tatizo limebaki kwa wa kuandika jina.

Sijui kwa nini haiandikwi. Huenda watu wa maabara ni wachache. Huenda kila mmoja anadhani kupiga simu ni kazi ya mwenzake. Wengine kwenye foleni walikuwa wanasema ni makusudi tuchoke tukapime kwenye maabara za ng'ambo ya barabara, na mimi hilo sikuliamini, ingawa Alhamisi jioni nilianza kuliamini kidogo. Kisingizio cha salio la simu usinipe. Nilipoambiwa nitoe damu upya, niliambiwa pia nilipie upya, na ujumbe wa namba ya malipo uliingia hapo hapo, nikiwa bado nimeshika daftari lako kwa macho. Kumbe simu yangu inapatikana. Kumbe mfumo unaijua. Wa kunidai anaijua, wa kuniambia damu yako imeganda haijui.

Hata siku ile bima ya afya kwa wote, iliyotungiwa sheria mwaka 2023, itakapotufikia sisi wa dukani, kadi haitazuia damu kuganda. Jirani yangu ana bima na yaliyompata ni haya haya. Halafu fikiria kichekesho: mtu kaja kwako kwa sababu hana damu, na dawa mliyomwandikia mpaka sasa ni kurudi kutolewa nyingine.

Nilikuwa nimeorodhesha mengi. Choo kifunguliwe. Daktari wa ultrasaundi akiwa na kikao, tuambiwe kabla ya lita moja. Fedha ya kipimo kilichoharibika mikononi mwenu isidaiwe mara mbili, hilo hata muuza nyanya sokoni haki yake anaijua. Mengine nimeyafuta. Nimebaki na moja, na nakuomba hilo moja tu: sampuli ikiharibika, mwenye nayo aambiwe siku hiyo hiyo. Simu, ujumbe, hata kumwita jina kwa sauti kwenye korido. Halafu safu ile iandikwe, na wewe uipitie kila Ijumaa ukiwa na chai yako.

Jumatatu narudi kutoa damu. Nimeshamuaga bosi, nimeshamwomba jirani, safari hii kwa aibu. Kichupa nitakiomba nikigeuzegeuze mwenyewe kama muuguzi ana haraka. Namba yangu ya simu haijabadilika, ni ile mnayotumia kunidai.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Keshia wa Kariakoo, mkazi wa Kimara