Dada anasema nachezea sindano

Shangazi, assalaam aleikum.

Ni saa tisa usiku, Ijumaa imeshaingia na usingizi sina. Nilituma picha ya kofia kwenye kundi la familia, dada yangu mkubwa akajibu kwa sauti, wote wakasikia, mpaka watoto: "Mwenzetu yuko Muscat anachezea sindano."

Kuchezea! Shangazi, kofia ya viua, hii ya vitobo vya kushonwa kwa mkono, unaijua, lakini niache niseme, maana yeye haijui ingawa tumelelewa nyumba moja. Kichwa cha baba ni sentimita 56. Ukigawa kwa 3.14 unapata upana wa duara la juu, karibu 18, unaongeza 1 ya mshono kila upande, unakata 20. Ukanda wa kuzunguka kichwa unakata 58 kwa 12. Kila kipande ni nguo mbili, ya juu na ya ndani, bafta nyeupe iliyokwisha kufuliwa na kupigwa pasi. Usipoifua kwanza itarudi ikiwa imeshashonwa, na kofia haitaingia kichwani tena.

Halafu vitobo. Hukati kwa mkasi, unatoboa kwa sindano nene na kuzisukuma nyuzi kando. Ukikata, nguo ikifuliwa mara mbili tatu tundu linachanika. Kisha unazungushia uzi, mishono 12 mpaka 16 kwa kitobo kidogo, na kila mmoja uuvute sawa na mwenzake. Ukikaza mmoja, tundu linakuwa yai. Uzi usizidi urefu wa mkono mpaka kiwiko, ukizidi unajisokota na kupiga mafundo. Penseli ya kuchorea maua ikandamize kidogo tu, kwa sababu uzi mweupe unazoa weusi wake na safu nzima inageuka kijivu. Mikono nanawa kila nikimaliza safu, kwa jasho. Vitobo 10 kwa saa, basi nimekwenda mbio. Huko ndiko kuchezea?

Nawe unajua Ijumaa ya huku ilivyo. Mapumziko yetu ni Ijumaa na Jumamosi. Jumamosi haina neno, nafua, napika cha wiki, jua likipoa nashuka Muttrah natembea kando ya bahari. Ijumaa ndiyo inayoniua. Maduka mengi yamefungwa mpaka alasiri, na watu wakitoka msikitini kila nyumba imezunguka sinia lake la wali. Waswahili wamejaa, Kiswahili unakisikia mpaka dukani, lakini siku hiyo kila mtu yuko na wake. Simlaumu mtu. Mwanzo nilikuwa nalala mchana, usiku macho makavu. Nikajaribu simu, saa tano zinakwisha unatazama harusi za watu. Sindano inataka macho na mikono yote miwili, huna nafasi ya kuwaza.

Dada anasema kama nina muda nitafute kazi ya pili. Anajua vizuri kwamba kibali changu ni cha mwajiri mmoja, nikikamatwa kwa mwingine narudishwa. Na pesa natuma kila mwezi, sijaruka hata mmoja. Anasema basi niuze. Niuze ya baba? Naishona avae Idi! Za mashine zimejaa sokoni kwa bei chee, anayetaka akanunue.

Simjali. Hapana, naongopa, ningekuwa simjali ningekuwa nimelala.

Chini yangu anakaa bibi mmoja wa Kiomani, mzaliwa wa Unguja. Wao kofia hii wanaiita kumma. Alinikuta ngazini na ukanda mkononi, akauchukua, akaugeuza, asitazame maua hata kidogo, akatazama nyuma kwenye mafundo. Akapitisha ukucha juu ya safu ya tatu. "Hapa umekaza sana mwanangu. Njoo Ijumaa na sindano yako."

Ijumaa tatu zimepita, sijashuka. Peke yangu nimeshazoea, sihitaji mtu. Ila safu ya tatu nimeifumua yote, na kweli ilikuwa imekazwa, nguo imejikunja pembeni. Na nikienda nikakaa kwake na sindano, si nitakuwa nimempa dada maneno? Ataambiwa tu, huku habari hazifichiki.

Kofia imebaki safu mbili na kuunganisha duara. Baada ya hapo ni kuifua, kuitia wanga mwepesi na kuianika juu ya bakuli lililopinduliwa, lenye mzunguko ule ule wa 56, ikauke na umbo lake. Bakuli la kiasi hicho sina. Bibi bila shaka analo.

Shangazi, wewe unazijua nyumba za huku. Mtu akikwambia njoo Ijumaa, anakusudia kabla ya chakula au baada ya alasiri? Na uende na nini mkononi, usionekane umefuata sinia? Ya dada usinijibu, hayo nitayamaliza mwenyewe. Au niambie tu kama nimjibu au ninyamaze, maana nimeshajirekodi mara nne, na mara zote nne nimefuta.

Mshonaji, Ruwi