Mmemsahau Laila Schou Nilsen

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumamosi iliyopita, ile ya wanamichezo waliong'ara katika zaidi ya mchezo mmoja, niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kwa raha. Mara ya pili nilikuwa natafuta jina la mwanamke, na sikuliona hata moja. Naomba nafasi kidogo nimtaje mmoja, Laila Schou Nilsen wa Norway.

Kwa wengi wetu, ukitaja Norway na mwanamke wa barafuni jibu ni Sonja Henie, na si ajabu, maana yule alikwenda Hollywood akacheza sinema. Laila hakuwa na sinema. Alizaliwa mwaka 1919 katika mji ambao leo ni Oslo, na mchezo uliomtoa ni mbio za barafu, zile za kuvaa viatu vyenye chuma chini na kushindana na saa. Mwaka 1935, kabla hajatimiza miaka 17, aliibuka wa kwanza katika mashindano ya dunia ya wanawake, ingawa wakati huo yalihesabiwa kuwa si rasmi.

Mwaka uliofuata ikaja Olimpiki ya majira ya baridi, Garmisch-Partenkirchen, Ujerumani. Mbio za barafu zilikuwemo, tena nne, lakini zote za wanaume. Mwenzake wa Norway, Ivar Ballangrud, alirudi nyumbani na dhahabu 3 na fedha 1 kutoka kwenye barafu hiyo. Laila, aliyekuwa tayari tishio la dunia katika mchezo huohuo, hakuwa na mahali pa kujiandikisha. Mlango wa barafu ukiwa umefungwa, akafunga skii miguuni, yaani zile mbao ndefu za kuteleza kwenye theluji, akaingilia mlimani.

Hapa niruhusu niende polepole, maana ndipo anapopotea kwenye vitabu. Mashindano ya skii za mlimani yalikuwa yanaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, na yalikuwa ya sehemu mbili: kuteremka mlima kwa kasi, kisha slalomu, yaani kupinda kati ya vijiti. Matokeo ya sehemu zote mbili yalijumlishwa, medali ikatolewa kwa jumla hiyo tu. Katika kuteremka, msichana huyu wa miaka 16 aliwashinda wote. Bingwa wa wenyeji, Christl Cranz, alianguka njiani akaachwa kwa sekunde 19. Kwenye slalomu Cranz akalipiza kwa ustadi mkubwa na kuchukua dhahabu, Käthe Grasegger akapata fedha, Laila shaba. Jambo la kushangaza ni kwamba upande wa wanaume, Birger Ruud, naye wa Norway, alishinda kuteremka na mwishowe akawa wa nne, mikono mitupu. (Ruud alijifariji kwa dhahabu ya kuruka kwa skii, kwa hiyo tusimlilie sana.) Kuteremka kulianza kupewa medali yake kuanzia 1948.

Basi anayesoma jedwali la medali atamkuta Laila kwenye mstari mmoja: shaba, 1936. Shaba katika mchezo ambao haukuwa wake wa kwanza, kwa sababu wa kwanza alinyimwa.

Aliporudi barafuni alikuwa bingwa rasmi wa dunia mwaka 1937, kule Davos, na tena 1938. Muda wake wa mita 500, sekunde 46.4, uliendelea kuwa rekodi ya dunia hadi baada ya vita. Vita hivyo ndivyo vilivyomla miaka yake mizuri. Ujerumani iliikalia Norway kuanzia 1940 hadi 1945, na wanamichezo wengi wa nchi hiyo waligoma kushindana chini ya uongozi uliowekwa na wavamizi. Laila alikuwa na miaka 21 walipoingia, 26 walipotoka.

Tenisi ndiyo iliyomkalia muda mrefu zaidi. Huko alikusanya ubingwa wa taifa mwaka baada ya mwaka, hadi ukawa mwingi kuliko wa michezo yake mingine yote. Alicheza mpira wa mikono pia, na mwaka 1948 akaenda tena Olimpiki, St. Moritz, na skii zake.

Mwandishi wenu aliandika kwamba watu wa michezo mingi ni wale "wasiotosheka na mmoja". Kwa Laila sikubaliani. Huyu aliondolewa kwenye mchezo aliouweza kuliko wote, akatafuta mwingine wa kuvaa jezi ya nchi yake. Mbio za barafu za wanawake ziliingia Olimpiki rasmi mwaka 1960, kule Squaw Valley, Marekani. Wakati huo Laila alikuwa na miaka 40.

Msomaji wenu,
Tanga